Je, wajua kwa nini udongo uliokaangwa huonekana ulikuwa na maji mengi zaidi?

Unyevu wa udongo hupimwa kwa mizani. Unapima udongo mbichi, unaukausha, unapima tena. Uzito uliopungua unaugawa kwa uzito wa udongo mkavu. Gramu 150 zikibaki 125, unyevu ni asilimia 20. Utaratibu uliozoeleka ni oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, na kwa umeme wetu wa hapa Tabora saa hizo huwa ndefu kweli.

Ndiyo maana niliwahi kuamini kwamba moto mkali unafupisha kazi tu, jibu ni lilelile. Nikakaanga udongo mweusi wa mbuga juu ya jiko la mkaa hadi ukafuka moshi, nikajisifu kwamba nimeishinda oveni. Kumbe moshi ule haukuwa maji. Ilikuwa mizizi na majani yaliyooza yakiungua, na mizani haiulizi kilichotoka ni nini. Zile gramu 125 zikishuka hadi 122, unyevu unasomeka karibu asilimia 23. Maji hayakuongezeka hata tone.

Chukua sufuria ya maharage. Maadamu maji yamo, chochea moto upendavyo: joto la ziada linaishia kugeuza maji kuwa mvuke, na sufuria haipandi sana zaidi ya nyuzi 100. Maji yakiisha, joto linakosa kazi, linageukia maharage, na jirani anajua mmelala njaa. Udongo ni hivyohivyo. Mwanzoni moto mkali hauna neno. Hatari yote iko mwishoni, pale unapodhani bado kidogo.

Maikrowevu nayo ina mtego huohuo, ila ni ya dakika. Unawasha kidogo, unapima, unarudia hadi uzito ugome kubadilika. Kumwagia udongo spiriti na kuiwasha kunafaa kwenye mchanga. Kwenye udongo wenye mboji nyingi, hapana. Mchanga kwa kweli husamehe karibu kila njia. Udongo wa mfinyanzi hausamehi: hata baada ya nyuzi 105 hubaki na maji kiasi yaliyong'ang'ania, kwa hiyo “kavu” yenyewe ni mapatano.

Wanaotumia kikaango wana kipimo kimoja ninachokipenda: kipande cha karatasi nyeupe ndani ya udongo. Ikigeuka kahawia, umeshapitiliza.