52x ya CD ni megabaiti ngapi kwa sekunde?

Kiendeshi cha CD cha kompyuta ya zamani mara nyingi kina maandishi kama 52x32x52x. Namba ya kwanza ni kasi ya kuchoma CD, ya pili ni ya kuandika upya kwenye CD-RW (CD inayoweza kufutwa na kuandikwa tena), ya tatu ni ya kusoma. Ila hiyo "x" haikuambii lolote mpaka ujue ni mara 52 ya kitu gani.

Ni mara 52 ya kasi ya CD ya muziki. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 kazi yake ilikuwa muziki tu, na muziki hauna haraka: wimbo wa dakika nne huchezwa dakika nne. Kiendeshi kilitakiwa kusoma sekta 75 (vipande ambavyo diski imegawanywa) kila sekunde, basi. Sekta moja ya muziki ina baiti 2,352. Data za kompyuta zilipoletwa kwenye diski ya aina hiyohiyo, baiti 2,048 za kila sekta zikawa za data yenyewe, na 304 zilizobaki zikapewa kazi ya kuitambulisha sekta na kusahihisha makosa. Wimbo ukipoteza baiti moja sikio halishtuki. Programu ikipoteza baiti moja inaweza kugoma kabisa. Zidisha 2,048 kwa 75 upate baiti 153,600 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 1x.

Hapo ndipo watu huanza kubishana. Ukigawanya kwa 1,024, kama walivyozoea watu wa kompyuta, unapata kilobaiti 150 kamili. Ukigawanya kwa 1,000, kama wanavyofanya watengenezaji wa diski, unapata 153.6. Wote wako sahihi, wanatumia tu vipimo viwili vyenye jina moja. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilijaribu kumaliza ugomvi kwa kukiita kile cha 1,024 kibibaiti, na cha juu yake mebibaiti (alama zake KiB na MiB), lakini mtaani ni wachache wanaoyatumia majina hayo. Kwa hiyo 52x ni baiti 7,987,200 kwa sekunde: MB 7.99, au MiB 7.62.

Hata hivyo, 52x ni namba ya sokoni zaidi kuliko ya kazini. Viendeshi vya kasi hivyo huzungusha diski kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, na data za CD huanza karibu na katikati kuelekea ukingoni. Mzingo wa ndani ni mfupi, hivyo kila mzunguko mmoja unapitisha data chache. Ule wa nje una urefu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kiendeshi cha 52x huanza na kama 22x hivi, yaani MB 3.4 kwa sekunde, na 52x yenyewe huifikia ukingoni kabisa, kama CD imejaa. Kwa hesabu ya karatasi CD ya dakika 80 ingesomwa kwa sekunde 92. Kwa kweli inazidi dakika mbili, hata ikiwa haina mkwaruzo.

DVD ina x yake nyingine: 1x ni baiti 1,385,000 kwa sekunde, mara tisa ya CD. DVD ya 16x kwa hiyo inafika MB 22, na inaiacha mbali CD ya 52x. Blu-ray nayo huanzia MB 4.5. Memori kadi za kamera zilizoandikwa 133x zilirudi kuazima kipimo cha CD: 133 mara kilobaiti 150, sawa na MB 20 kwa sekunde.

Flopi, diski ya sumaku ya enzi za kabla ya CD, haikuwa na x. Ile ya inchi 3.5 ilitajwa kwa biti, kilobiti 500 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ukigawanya kwa nane unapata kilobaiti 62.5. Lakini sehemu ya kila mzunguko ni alama na nafasi tupu. Zinazobaki kwa data ni sekta 18 za baiti 512, mizunguko mitano kwa sekunde: baiti 46,080. Hata ile "MB 1.44" yake ni mseto wa ajabu, 1,440 mara 1,024, ambayo si MB wala MiB.

Kugawanya kwa nane pia hakufai kila mahali. USB 2.0 ya megabiti 480 inakupa MB 60 za karatasini, na ukipata 30 hadi 40 shukuru. SATA, njia ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta, ya gigabiti 6 si MB 750 bali 600, kwa sababu kila biti nane za data husafirishwa kama biti kumi. Hapo gawanya kwa kumi. USB 3.0 ya gigabiti 5 ni vivyo hivyo: MB 500.

Basi mwenye rundo la CD za picha za harusi anayetaka kuzihamishia kwenye SSD (hifadhi ya kisasa isiyo na diski inayozunguka) asiuziwe kiendeshi cha nje kwa sifa ya USB 3.0. CD haitamtolea hata MB 8 kwa sekunde, na kebo ya USB 2.0 inazibeba bila shida.