Kutoka jiwe la kijani hadi atomi ya shaba

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeanza kusoma kemia ana bahati ambayo wengi hawana, kwa sababu mfano mzuri wa somo la maada uko ardhini kwake. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachongaji hutengenezea mikufu na visanduku, haifanani hata kidogo na mukuba, yaani shaba, mwekundu unaotolewa ndani yake. Mafundi wa kale wa Katanga, walioitwa walaji wa shaba, waliliyeyusha kwa makala na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, na walifanya hivyo karne nyingi kabla ya tanuri la kwanza la kisasa kuwashwa mjini hapa mwaka 1911.

Tulifuatilie jiwe hilo kwa mizani. Gramu 100 za malakiti safi zikichomwa vizuri hugeuka unga mweusi wa oksidi ya shaba wenye gramu 72 hivi. Gramu 28 zilizopungua hazikupotea: zimeondoka kama mvuke wa maji na gesi ya kaboni dioksidi, na mtu akiikusanya gesi hiyo pamoja na mvuke na kuvipima, hesabu inatimia. Unga huo ukichanganywa na makala na kupashwa moto mkali, kaboni huchukua oksijeni, na kinachobaki ni shaba tupu, gramu 57.5. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu waanzie kwenye mizani kabla ya kuandika fomula ubaoni, kwa kuwa mwanafunzi aliyeona gramu zikihesabika ataamini kwamba maada hubadilika sura bila kupotea.

Rangi ya kijani imekwenda, nyekundu imekuja, lakini atomi za shaba ni zilezile. Kila atomi ina kiini kidogo mno katikati, chenye protoni na nyutroni, na elektroni zikiwa zimekizunguka. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi ni ipi. Shaba ina protoni 29, kobalti inayochimbwa pamoja nayo katika migodi yetu ina 27, na urani iliyochimbwa Shinkolobwe ina 92. Tofauti ya shaba na kobalti ni protoni mbili tu, na hata hivyo hakuna moto wa tanuri wala asidi inayoweza kugeuza moja kuwa nyingine, kwa sababu mabadiliko ya kikemia hugusa elektroni za nje na kukiacha kiini kama kilivyo.

Idadi ya nyutroni, kwa upande wake, inaweza kutofautiana ndani ya elementi moja. Takriban atomi 69 kati ya kila 100 za shaba zina nyutroni 34, na 31 zilizobaki zina nyutroni 36. Hizo ndizo isotopu zake mbili za asili, shaba-63 na shaba-65, namba hizo zikiwa jumla ya protoni na nyutroni. Namba 63.55 iliyo katika jedwali la elementi ni wastani wa hizo mbili kulingana na wingi wao, na hakuna atomi hata moja ya shaba yenye masi hiyo. Jambo hili huwatatiza wanafunzi wengi, nao wana haki ya kuelezwa polepole.

Nirudi kwenye vipimo, kwa kuwa hapo ndipo makosa mengi hutokea. Tuseme mtu ameuziwa vipande vya waya na anataka kujua kama ni shaba safi, ambayo densiti yake ni gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo, au ni mchanganyiko wa shaba na zinki, wenye densiti ya karibu 8.5. Anapima gramu 44.8, anavitumbukiza katika silinda ya kupimia, na maji yanapanda kutoka mililita 40 hadi 45. Anagawanya, anapata 8.96, anafurahi. Lakini kama upandaji huo umesomwa kwa kosa la nusu mililita, jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 8.1 na 10, na kipimo hicho hakijathibitisha chochote. Akitumia gramu 448 katika silinda hiyohiyo, maji yatapanda mililita 50. Kosa lilelile la nusu mililita sasa linaacha nafasi kati ya 8.87 na 9.05 tu, na mchanganyiko wa zinki umeondolewa. Asisahau kutikisa silinda ili mapovu yaliyonaswa kati ya vipande yatoke, na macho yake yawe sawa na uso wa maji anaposoma.

Uaminifu huohuo unahitajika kwenye kipimajoto. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, na maji safi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Mwanafunzi anayesoma 96 akaandika 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo amefuta matokeo sahihi kwa mkono wake mwenyewe.