Je, ada ya televisheni ya Uingereza ni kama kifurushi cha king'amuzi?

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wengi huamini ada ya televisheni inayolipwa Uingereza ni kama kifurushi: usipolipa picha inakatika, na asiyetazama chaneli ya umma, yaani BBC, hadaiwi. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana king'amuzi ndicho tunachokijua.

Ada ile ni ya kibali, si bei ya chaneli. Ilianza kwa redio mwaka 1922, shilingi 10 za huko. Ya televisheni ikaja 1946. Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka. Anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, hata kwa simu, anatakiwa awe na kibali. Asipolipa, picha haikatiki, ila anaweza kushtakiwa na kutozwa faini. Asiyetazama matangazo hayo, wala huduma ya mtandaoni ya BBC, halipi.

Ujerumani tangu 2013 hutoza kila kaya, iwe na televisheni au isiwe nayo. Ufaransa waliifuta 2022.

Inafaa kulipwa? Kwangu mimi ndiyo, pale inapogharimia habari na vipindi vya watoto ambavyo mfanyabiashara hangevigusa. Lakini kwa mwenye kipato kidogo ni mzigo wa kweli. Ukitaka kuhakiki, usianze na bei. Soma masharti kwenye tovuti rasmi ya nchi husika: nani anadaiwa, fedha zinakwenda wapi, asipolipa inakuwaje. Kisha tazama risiti ya king'amuzi chako: umelipa kampuni, kwa kifurushi chenye siku zake.