Hakukupotezea, hakukusikia: dhana potofu kuhusu kukutana na mastaa Tanga

Msanii mkubwa akishaondoka Tanga, mjini hubaki hukumu mbili. Wapo watakaosema ni mtu wa watu, na wapo watakaosema ana nyodo, hata salamu haitikii. Wote walimwona siku ileile, pengine kwa kupishana dakika 20. Walichokiona si tabia yake. Waliona mtu aliye katikati ya kazi: ametoka kuimba, au anakwenda kuimba, au hajala tangu asubuhi na gari linamsubiri. Dhana zinazofuata zinasikika sana Ngamiani, Makorora na nje ya geti la Uwanja wa Mkwakwani. Zinaumiza pande zote mbili: shabiki anarudi nyumbani na kinyongo, na msanii anabebeshwa jina baya asilolistahili.

Dhana: "Nilimwita mara tatu, akanipotezea makusudi"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi jibu lake liko masikioni mwa msanii.

Wasanii wengi wanaoimba laivu huvaa vipokea sauti vidogo vinavyoziba matundu ya masikio yote mawili. Vinamletea sauti yake mwenyewe na ya vyombo, na vinazuia kelele za spika na za watu. Ukimwita kutoka chini ya jukwaa akiwa amevivaa, ni kama unamwita mtu aliye ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Asiyevivaa ana shida nyingine. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Zikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Mbele ya spika za tamasha, desibeli 100 ni jambo la kawaida. Anaposhuka ngazi baada ya saa nzima, masikio yanavuma na sauti za watu zinamjia kama mngurumo mmoja. Jina lake analisikia, ila hawezi kujua limetoka upande gani.

Koo nalo limechoka. Aliyeimba kwa nguvu muda mrefu hushauriwa anyamaze, na hata kunong'ona si kupumzika, kwa sababu wengi wakinong'ona hukaza koo zaidi. Ndiyo maana utamwona anaitikia kwa kichwa, au anaweka mkono kifuani na kupita. Ile ndiyo salamu yake kwa wakati huo, wala hajaipunguza.

Ukitaka akuone, simama mbele ya njia yake, pembeni kidogo, usimfuate kwa nyuma. Inua mkono usawa wa uso wako na umtazame. Usimvute nguo wala kumshika bega kutoka nyuma. Mtu ambaye masikio yake yanavuma akiguswa ghafla anashtuka, na baunsa akimwona ameshtuka hatauliza nani kafanya nini.

Dhana: "Wakati anaimba alinitazama mimi, atanikumbuka"

Taa za jukwaani zinampiga machoni. Kwa wengi, wanachokiona ni safu chache za mbele, na nyuma ya hapo ni giza lenye nukta za simu. Anatupa macho kushoto, katikati na kulia kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka, na watu kumi waliosimama upande mmoja wote watasadiki wametazamwa wao.

Hisia ya kujuana, hata hivyo, ni ya kweli, wala si upumbavu. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika jinsi watazamaji wa runinga wanavyojenga ukaribu wa upande mmoja na watu wanaowaona kwenye kioo. Leo simu imezidisha: umeona jikoni kwake, umemwona mwanawe akijifunza kutembea, umejua alipougua. Wewe una miaka mitano naye. Yeye ana sekunde tano na wewe. Kwa hiyo jitambulishe kama mgeni anavyojitambulisha. Kuanza na "unanikumbuka?" kunamweka pabaya: akisema hapana amekuumiza, akisema ndiyo amekudanganya.

Dhana: "Kupiga picha moja kunamgharimu nini?"

Tufanye hesabu. Watu 200 wamesimama nje. Kila mmoja akichukua sekunde 15, ni dakika 50. Kila mmoja akichukua sekunde 40, ni saa 2 na zaidi ya dakika 13. Tofauti ya sekunde 15 na 40 haitoki kwa msanii, inatoka kwenye simu zetu. Simu imejifunga, inaomba namba ya siri. Kamera imefunguka upande wa mbele wakati mpigaji ni mwenzako. Hifadhi imejaa. Lenzi ina mafuta ya vidole, picha imetoka na ukungu, na shabiki anaomba "moja tena, kaka". Aliye wa sitini kwenye foleni ndiye anayelipia hayo yote, na ndiye atakayeondoka akisema jamaa anaringa.

Maandalizi ni mepesi. Kabla hajatoka, futa video chache zisizo na kazi, pangusa lenzi kwa kitambaa, fungua kamera na uiache wazi. Zima mwanga wa kamera, unamuumiza macho yaliyotoka kwenye taa. Amua mapema nani atapiga. Kisha sema kwa pumzi moja: salamu, jina lako, jambo moja mahususi, ombi. "Kaka, habari ya kazi. Naitwa fulani wa Chumbageni, ule wimbo wako wa mwisho jioni hii umenigusa sana. Naomba picha moja." Sekunde nane. Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo. Umaarufu haumwondolei mtu umri wake.

Ukiweza, mwache mwenzako apige kwa umbali wa mita moja na nusu hivi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ile ya mita moja na nusu. Hapo ndipo nusu ya maneno ya "ana kwa ana si mzuri kama kwenye video" yanapozaliwa: watu wanahukumu selfi, si uso. (Na yale ya "kumbe mfupi!" yanatokana na kimo cha jukwaa. Ukiwa chini ya jukwaa la mita moja na nusu, kila aliye juu yake ni twiga.)

Jambo moja halina mjadala: mikono. Wasanii wa kike hushikwa viuno na watu wasiowajua, usiku baada ya usiku, kisha wakijitoa wanaambiwa wana dharau. Weka mikono yako mbele yako au nyuma yako. Yeye akikuwekea mkono begani ni hiari yake, na hiari hiyo haikupi ruhusa ya kumrudishia mahali pengine.

Dhana: "Mabaunsa wale ni wakali kwa sababu yeye ndiye kawatuma"

Mara nyingi baunsa ameajiriwa na mwandaaji, kwa usiku huo tu, na msanii hamjui hata kwa jina. Ameagizwa jambo moja: amtoe mtu kwenye ngazi amfikishe garini. Anachokiogopa si wewe, ni walio nyuma yako. Msongamano ukizidi watu watano kwenye mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua aende wapi. Umati ndio unaombeba, na akianguka hainuki. Wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele, kwa hiyo wanaendelea kusukuma. Ukihisi mikono yako imebanwa kifuani, acha habari ya picha, geuka ubavu na utoke kwa mshazari kuelekea pembeni, usipingane na umati uso kwa uso. Aliye na mtoto asikae njia ya gari kabisa.

Muda mzuri ni alasiri, msanii anapokuja kupima sauti, watu wakiwa bado wachache. Usimkatize anapopima, maana fundi mitambo anamsubiri. Msubiri anaporudi garini. Kumbuka pia kwamba kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa barabara ya Segera ni kama kilomita 350, na wengine wanafika mchana uleule wa onyesho. Aliyekaa garini tangu alfajiri si mtu wa kumwendea akiwa na sahani ya wali mbele yake.

Dhana: "Wachezaji wa mpira ndio wenye maringo zaidi, hawacheki"

Mchezaji siku ya mechi hana mamlaka na muda wake; kocha ndiye anaupanga. Mwaka 2018 Coastal Union, timu ya hapa Tanga, walipomsajili mwanamuziki Ali Kiba, Tanga ilipata mtu mmoja mwenye kazi mbili, na kazi hizo zina sheria tofauti: jukwaani kumchangamkia shabiki ni sehemu ya ajira, ila kwenye basi la timu ukimya ni sehemu ya maandalizi. Wale wanaoshuka Mkwakwani na vipokea sauti vikubwa kichwani wamevivaa ili wasiongeleshwe.

Mechi ikiisha, wengi hukimbilia wafungaji. Waendee waliokaa benchi. Wale ambao hawakucheza mara nyingi hubaki uwanjani kukimbia kidogo, hawana waandishi wanaowasubiri, na hawajachoka. Timu ikifungwa, toa pole kwa kifupi na uache njia. Usimuulize mtu kwa nini alikosa penalti.

Dhana: "Alikataa chakula changu, ananishuku"

Tanga imebebeshwa hadithi nyingi za uchawi, na mgeni akikataa sahani ya samaki wa kupaka, mwenyeji anahisi ametukanwa yeye na mji wake. Sababu huwa tumbo. Mwenye onyesho saa nne usiku hawezi kubahatisha nazi iliyokaa juani. Mpe kitu kizima kisichofunguliwa: machungwa ya Muheza na maji ya chupa yatapokelewa kwa mikono miwili.

Dhana: "Amekataa kuusikiliza wimbo wangu kwa sababu anaogopa kupitwa"

Kijana kaja na flashi yenye nyimbo tatu, msanii kaiangalia tu. Kinachomzuia ni sheria. Akiusikiliza leo, na mwaka kesho akatoa wimbo wenye kiitikio kinachofanana, unaweza kumshtaki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na yeye hataweza kusema hajawahi kuusikia. Mameneja wengi huwakataza kabisa. Sajili kwanza kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kisha iende kwa meneja kwa barua pepe, ikiwa na jina lako, tarehe na namba ya simu.

Dhana: "Amenijibu mwenyewe, anataka tuonane, nitume tu ada kidogo"

Hakuna msanii anayekutana na shabiki kwa ada inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Huyo ni tapeli aliyenakili picha na jina. Usitume hata shilingi mia. Namba aliyokupa ipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, inayopokea taarifa za utapeli wa simu.

Dhana: "Kumpa msanii pesa jukwaani ni kumdharau"

Inategemea ni muziki gani. Kwenye taarab kutunza ni sehemu ya onyesho, na huu ni mji uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo Tanga hatuhitaji kufundishwa. Hata hivyo wageni wanakosea. Ngoja kiitikio au vyombo vipige peke yake. Usimwendee katikati ya beti, utamvunjia maneno. Njoo kwa mbele ili akuone, noti iwe imenyooshwa mkononi, mpe mkononi au iweke palipoandaliwa, kisha ondoka ukicheza. Usishike maikrofoni. Usimpachike noti kifuani. Msanii wa Bongo Fleva anayerukaruka na wachezaji wake hana nafasi ya hayo. Kumpandia jukwaani kutakufikisha kwa baunsa tu.

Dhana: "Staa ni yule wa kwenye runinga"

Katika mitaa ya Tanga wapo wazee waliopiga na kuimba enzi za bendi za jazz na vilabu vya taarab, ambao sauti zao bado zinarushwa redioni kila wiki. Unapishana nao sokoni wakichagua vibua. Hawana baunsa wala foleni, na mazungumzo ambayo ungeyataka kwa msanii mkubwa utayapata kwao: nani alitunga, nani alipiga fidla, kwa nini beti ya tatu haikurekodiwa. Mpe shikamoo, utaje wimbo kwa jina lake. Usimwombe aimbe hapohapo, koo la mzee nalo lina wakati wake. Msaidie kapu, umuulize siku gani anapokea wageni, na ukienda mpelekee wimbo wake kwenye simu, maana wengine wao hawana nakala hata moja ya sauti zao wenyewe.