Mbuni Uliobaki Umesimama: Kwa Nini Mibuni ya Shamba Moja Haiugui Sawa

Mkulima wa kahawa aina ya robusta mkoani Kagera ambaye kibanja chake kimewahi kuingiliwa na mnyauko fuzari anaujua mwenendo wa ugonjwa huo: majani hugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mti kwanza, kisha hupukutika, na ukibandua gome karibu na ardhi kwa ncha ya kisu unakuta michirizi ya buluu inayoelekea weusi. Mbuni uliofikia hapo hauponi. Ugonjwa uliripotiwa Uganda mwaka 1993 na Kagera mwaka 1997, na kufikia mwaka 2002 ulikuwa umeua zaidi ya asilimia 40 ya mibuni ya robusta nchini Uganda. Hata hivyo, katikati ya mashamba yaliyokauka ilibaki mibuni michache iliyostawi, ilhali ilipandwa pamoja na ile iliyokufa, kwenye udongo uleule. Mibuni hiyo michache ina thamani kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Ua la robusta halikubali chavua ya mti wake. Ni lazima ipatikane ya mti mwingine. Kwa sababu hiyo kila mche uliotokana na mbegu ni mchanganyiko mpya wa vinasaba, na miche ya kitalu kimoja ni kama watoto wa familia moja ambao sura na afya zao hazilingani. Arabika, aina nyingine kuu ya kahawa, huenda kinyume. Hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo watoto hufanana sana na mzazi, na sehemu kubwa ya arabika inayolimwa duniani ilitokana na mibuni michache iliyotolewa Yemen karne zilizopita. Ugonjwa mpya ukiingia katika shamba la namna hiyo, udhaifu wa mti mmoja huwa ndio udhaifu wa miti yote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chulebuni, ugonjwa ulioonekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Kimelea chake, ambacho ni cha jamii ya ukungu, hushambulia punje ikiwa bado changa na ya kijani. Doa dogo jeusi hutokea, hubonyea, hupanuka, na punje huanguka au hukaukia tawini. Lakini itazame kwa makini punje ya mbuni wenye ukinzani: doa huanza vilevile, ila chembe hai zilizo chini yake hugawanyika upesi na kujenga tabaka gumu, mfano wa gamba la kizibo, linalomfungia adui nje. Kinachobaki ni kigaga chepesi, na punje huendelea kukua. Watafiti hawalazimiki kungoja miaka hadi mti uzae ili waone tofauti hiyo, kwa kuwa hujitokeza hata kwenye kishina laini cha mche uliochipua karibuni. Hunyunyizia vimbegu vya ukungu, huiweka miche mahali pa baridi na unyevu, na baada ya majuma machache hutenganisha iliyooza na iliyojifunga.

Ukinzani huo haukutengenezwa maabara, ulitafutwa ulipokuwa. Nchini Kenya, aina ya K7 ilichaguliwa kutoka katika kahawa iliyoletwa na wamisionari wa Kifaransa. Rume Sudan ilitoka nyanda za juu za Boma, Sudan Kusini. Huzaa kidogo, lakini ina vinasaba imara dhidi ya chulebuni. Chotara la Timor lilizaliwa lenyewe kisiwani humo, arabika ilipokutana na robusta. Vinasaba vya aina hizi vilichangia kupatikana kwa Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Ethiopia, chulebuni ilipoingia mwaka 1971, watafiti walikwenda moja kwa moja kwenye mashamba na misitu kuchagua mibuni iliyokuwa haiugui. Jina la aina ya 74110 linahifadhi kumbukumbu ya mwaka wa uteuzi huo, 1974.

Ni lazima niseme pia kwamba vimelea navyo hubadilika. Aina ya Lempira, iliyotegemewa nchini Honduras dhidi ya kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa mibuni, ilianza kuugua kutu hiyohiyo takriban mwaka 2017. Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu mwenye busara huunganisha vinasaba kadhaa vya ukinzani katika mti mmoja, na anayependa shamba lake hapandi aina moja peke yake.

Kwa mkulima wa robusta, naomba mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, mbuni uliosalia si lazima uwe na ukinzani, kwani huenda kimelea hakikuufikia. Ni kuuambukiza mche wake kwa makusudi ndiko kunakothibitisha. Basi usiung'oe pamoja na iliyokufa, ambayo huchomwa papo hapo iliposimama bila kuburutwa shambani, bali mwite bwana shamba auone. Pili, usichukue mbegu za mbuni kinzani ukaotesha ukitumaini kupata mti uleule, maana baba wa mbegu hizo hajulikani. Aina za Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1 huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya machipukizi yaliyosimama wima vinavyooteshwa mizizi kitalu chenye kivuli na unyevu, ili kila mche uwe na vinasaba vilevile vya mti uliopimwa.