Rili ya Baharini Haitaki Maji ya Kasi

Wavuvi wengi wa mshipi hapa Malindi huamini kuwa rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ikitoka baharini ipigwe maji ya mpira kwa nguvu, chumvi itoke. Kuiosha ni lazima, chumvi hula chuma. Ila maji ya kasi huweza kuisukuma chumvi na mchanga hadi kwenye beringi na breki (sehemu inayozuia mshipi kutoka ovyo). Kaza breki, nyunyiza maji matamu taratibu (ya kisima yaonje kwanza, mengine yana chumvi), futa, anika kivulini, kisha legeza breki.

Mshipi wa kusuka haushiki kutu, lakini nyuzi zake hubeba maji ya chumvi hadi kwenye kigurudumu unapokunjwa mshipi. Nao uoshe.

Rili ikikauka, zungusha mkono wake polepole: ukisikia mkwaruzo, ifunguliwe, isafishwe, itiwe grisi.