Kwa nini ganzi "haikushika": chanzo cha hofu ya daktari wa meno

Mgonjwa mwenye hofu ukimuuliza kilichomtisha, mara nyingi jibu ni lile lile: "Nilichomwa ganzi, haikushika, nikang'olewa hivyo hivyo." Hadanganyi. Sababu yake inajulikana, ila wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa.

Dawa ya ganzi inayotumika zaidi ni lidokeini. Ili ifanye kazi, lazima ipenye ndani ya mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu kwenye ubongo. Jino likitunga usaha, nyama inayolizunguka huwa na asidi nyingi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa hushindwa kupenya. Mtu aliyevumilia miezi kadhaa kwa vidonge vya maumivu, akaja shavu likiwa limevimba, anakuja wakati ambao ganzi ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Anaumia, anaapa kutorudi, na jino la pili likianza kutoboka analisubiri nalo livimbe.

Angekuja tundu likiwa dogo, angezibwa jino akaondoka. Matundu mengine hayahitaji hata sindano. Kama umeshavimba, bado kuna njia: daktari anaweza kuchoma ganzi mbali na usaha, kule mshipa unakotokea, au akautoa usaha kwanza. Na ukisikia maumivu, mwambie, "Daktari, bado inauma." Ni haki yako, wala si usumbufu.

Ila ujue kwamba ganzi huzuia maumivu, haizuii kuhisi kusukumwa. Jino linapong'olewa utahisi taya linakandamizwa, na pengine utasikia mlio wa jino likiachia. Moyo nao unaweza kwenda mbio kidogo baada ya sindano kwa sababu ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini, kemikali inayoongeza mapigo ya moyo. Hali hiyo hupita baada ya dakika chache.

Wapo wanaoanza kutetemeka mlangoni kwa harufu tu. Harufu ile ni ya yujenoli, mafuta yanayopatikana kwenye karafuu, ile ile ya kwenye pilau. Sisi madaktari wa meno tunaichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda, maana hutuliza. Aliyewahi kuumizwa, mwili wake huikumbuka harufu hiyo kabla hajaketi.

Kwa hiyo sema una hofu tangu mapokezi. Kubalianeni na daktari kwamba ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Omba upakwe ganzi kwenye fizi kabla ya sindano, na sindano iingizwe taratibu, kwani dawa ikisukumwa kwa haraka huuma zaidi. Kula kabla ya kuja, na usinywe pombe ili kujipa ujasiri. Ukiweza, siku ya kwanza njoo kukaguliwa tu.

Wazazi, tafadhali tusiwatishe watoto kwa "usiposikia nitakupeleka ukang'olewe meno." Tunawapokea watoto wakiwa wameshajazwa woga nyumbani, na kumtuliza mtoto wa hivyo ni kazi kubwa kuliko kumtibu.

Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.